Miaka ya Kazi ni Amana

Mwandishi anapokaa kupanga vitabu vyake vijavyo, huanza kwa kuhesabu alivyonavyo. Ikiwa aliwahi kuwa karani, muuguzi, baharia au mwalimu, huiona miaka ile kama ghala lililojaa visa, ugomvi wa wakubwa na wadogo, na siri zisizojulikana nje. Anajiuliza achote nini kwanza. Swali hilo huja mapema mno. Kabla ya kuchota, yampasa aulize mali ile ni ya nani. Jibu ninalolitetea ni kwamba maarifa ya kazi ni amana. Hakuna aliyejifunza kazi peke yake: alifundishwa na waliomtangulia, akavumiliwa alipokosea, akaaminiwa na watu waliomletea shida zao. Mwenye kushika amana haruhusiwi kuitumia apendavyo, wala haruhusiwi kuifukia.

Tutazame kwanza kazi humwachia mwandishi nini. Mshairi Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 akadumu humo hadi 1944, kisha akahudumu katika idara nyingine za serikali ya kikoloni Tanganyika. Kitabu chake Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, hakisimulii mizigo wala ushuru. Kinasimulia nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Hata hivyo kitabu kizima ni mashtaka na utetezi mbele ya wakubwa wasiotaka kuulizwa, na aliyeishi miaka mingi chini ya amri za ofisi anajua vizuri jinsi dhuluma inavyoweza kupitishwa kwa utaratibu ulionyooka. Muhammed Said Abdulla naye alikuwa mkaguzi wa afya Unguja kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Baadaye alimuumba Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa huufikia ukweli kwa kuangalia jambo ambalo wengine wamelipita, na ukaguzi na uhariri ni kazi zinazodai jicho la namna hiyohiyo. Kilichobaki kwa waandishi hawa wawili si visa vya kazini. Ni namna ya kutazama na kupima mambo.

Wapo watakaosema kwamba mbunifu hahitaji kuwa na kazi nyuma yake, kwani nchi ieleayo angani haikupimwa na yeyote. Ni kweli kwamba ubunifu hauombi vyeti. Lakini ubunifu huhitaji kitu cha kuufanya uaminike, na watu wa Kusadikika wanaaminika kwa sababu hofu zao na hila zao ni za duniani. Wengine watadai kinyume chake: kwamba miaka ya ukarani ilikipokonya kipaji muda wake, na kuiita amana ni kuipamba hasara. Hoja hii ina haki yake. Haifai kuusifu ukoloni ati kwa kuwa mshairi alivuna kitu katika yale aliyonyimwa. Ila udhalimu wa aliyekutumikisha haufuti deni lako kwa wale mliotumika pamoja.

Pingamizi zito zaidi ni la siri. Muuguzi, wakili au kadhi akiandika aliyoyaona, si anawauza waliomwamini? Angewauza kama angedhani kwamba alichopewa ni habari zao. Akiielewa amana yake, ataficha mtu na kufichua jambo: jinsi mgonjwa anavyonyamazishwa na haraka ya wodi, jinsi mjane asiyejua kusoma anavyopoteza haki yake mezani. Pale ambapo jambo haliwezi kutengwa na mtu wake, asiandike. Kunyamaza huko nako ni sehemu ya uaminifu.

Imamu al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, ametuachia mfano ulio wazi wa kuirudia kazi ya zamani kwa uaminifu. Mwaka 1095 aliacha kufundisha Baghdad akiwa na sifa kubwa, kwa kuwa aliiona nia yake imeegemea jaha badala ya Mungu. Mwaka 1106 alishika tena kazi ya kufundisha, safari hii Nishapur, na katika kitabu alichoeleza maisha yake alikataa kusema kwamba huo ni urejeo: zamani alieneza elimu ya kutafuta cheo, sasa anaita watu kwenye elimu ya kukiacha. Kazi ilikuwa ileile, na ujuzi aliokuwa nao zamani haukutupwa. Kilichogeuka ni nia. Ndivyo inavyompasa mwandishi anayepanga kurudi kwa kalamu mahali alipowahi kufanya kazi kwa mikono. Kila mradi aupime kwa kuuliza unamhudumia nani kati ya wale waliomfundisha na waliomwamini. Mradi usio na jibu na usubiri, hata kama kisa chake ni kitamu na wachapishaji wanakitaka. Wenye jibu aufanye upesi, kwa sababu amana hudaiwa, na umri wa mwenye kuishika una mwisho.