Amana ya Ziwa

Asiyepata kusimama ufukoni mwa Mwanza alfajiri, mitumbwi ikirudi kutoka majini, hajui jinsi mwanadamu avunavyo asichokipanda. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, nalo limewalisha Wasukuma, Wakerewe, Wakara na Wajita tangu dahari. Mvuvi huomba dua kabla ya kutweka tanga, mtaalamu huyapima maji, tajiri huhesabu faida. Ni yupi kati yao alitunzaye ziwa?

Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara walitiwa ziwani ili samaki wadogo wasio na bei wageuke nyama yenye thamani. Baadhi ya wataalamu walionya, hawakusikizwa. Katika miaka ya 1980 sangara walizagaa, na mamia ya aina za furu, wasiopatikana penginepo duniani, wakatoweka. Viwanda vilijengwa Mwanza, minofu ikapelekwa Ulaya, na watu wengi wakapata kazi. Si haki kuidharau riziki hiyo. Lakini kilichopotea hakina fidia.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 gugu maji likaingia, likaziba bandari na njia za mitumbwi. Safari hii wataalamu walitumia mbawakavu wadogo wenye asili ya Amerika ya Kusini, alikotoka gugu lenyewe, baada ya kuhakikisha kwa majaribio kwamba hawataharibu mazao ya watu. Katika miaka ya 1990 walifunguliwa ziwani. Gugu likapungua sana, ingawa halikwisha.

Elimu iliyomleta sangara na elimu iliyomleta mbawakavu ni ndugu wa tumbo moja. Zilichotofautiana ni adabu. Ya kwanza iliuliza: nitapata nini? Ya pili ilitangulia kuuliza: nitaharibu nini? Swali hili la pili halionekani katika darubini. Hutoka moyoni, na moyo ndio shamba la dini. Mwislamu hufundishwa kuwa mtu ni khalifa katika ardhi. Mkristo hufundishwa kuwa mtu wa kwanza aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Mafunzo yote mawili yasema kwamba mwenye mali ni mwingine.

Hata hivyo, wenye dini wasijisifu. Waliovua kwa sumu hawakukosa misikiti wala makanisa karibu nao. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilikataa kwa muda samaki wa ziwa hili kwa sababu ya sumu hiyo, na hofu ya soko ikatenda ambalo mahubiri hayakulitenda. Lakini soko hulinda kinunuliwacho tu. Furu hana mnunuzi Ulaya.

Yamkini mtu atauliza: mwenye njaa ataambiwaje asubiri? Swali ni la haki. Mvuvi mwenye deni, ambaye watoto wake hawajala, hutupa nyavu za macho madogo akijua anavua samaki wa kesho. Kumlaumu peke yake ni dhuluma. Amana hiyo iko pia juu ya aliyemkopesha nyavu, mwenye kiwanda, mtawala na mlaji wa mbali.

Dini isiyo na elimu humwombea mgonjwa huku ikimnywesha sumu. Elimu isiyo na dini hujua kipimo cha sumu isijue aibu. Mkono mmoja haulei mwana, wala hautalea ziwa.