Mgeni Ndani ya Taa

Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa ndagala hutapakaa ziwani mbele ya bandari ya Kalundu, hapa Uvira. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za LED, zinazowashwa kwa betri. Mwanga mweupe wa taa hizo hauanzi ukiwa mweupe. Kijiwe cha ndani hutoa buluu, nacho hufunikwa kwa unga wa njano uliotiwa kidogo metali iitwayo seriamu. Buluu na njano vikichanganyika, jicho huona nyeupe.

Mwaka 1990 wanasayansi wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba hata polima, jamaa ya plastiki, huwaka ikipitishiwa umeme. Rangi yake nayo hugeuzwa kwa kutiwa kemikali nyingine. Polima iitwayo polifluorini huwaka buluu. Ukiichanganya na porfirini kidogo sana, ya ukoo uleule unaoipa damu wekundu wake, itawaka nyekundu. Porfirini haikuja na nguvu zake. Inazipokea kwa mwenyeji wake, polifluorini, kisha inazitoa kwa rangi yake yenyewe. Jambo hilo limenikaa moyoni wiki nzima.

Sisi wa Uvira nasi tunajua kupokea wageni. Wakimbizi wa Burundi walipovuka mpaka mwaka 2015, wengi wakipelekwa kambi ya Lusenda, na mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 ukibomoa nyumba, watu walipata mkeka na ugali kwa ndugu na majirani. Mungu awabariki waliofungua milango. Lakini mgeni tunayemlisha, je, tunamwacha aangaze kwa rangi yake? Tunampa chakula, hatumpi wimbo wa kuongoza. Tunamwombea, hatumwombi atuombee. Katika Mathayo 5 Yesu anawaita wanafunzi chumvi, na hapohapo nuru; chumvi nayo, kama porfirini, haihitaji kuwa nyingi.

Tena, chembe za porfirini zikirundikana mahali pamoja huzimishana, na taa hufifia. Zikitawanywa vizuri ndani ya polima, kila moja huangaza. Kwa hiyo benchi la nyuma lililojaa wakimbizi peke yao linanihuzunisha, hata kama tuliwakaribisha kwa mikono miwili.

Nawasihi wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya: Jumapili hii mtafuteni mtu aliyefika kwetu karibuni, mketi naye katikati, na mumwombe afundishe kanisa wimbo mmoja wa kwao.