Mstari wa Majivu

Goli la kikapu la Makurunge lilichomelewa na fundi wa madirisha. Ringi ni nondo iliyokunjwa, ubao ni mbao zilizobaki kwenye ujenzi wa mtu, na nguzo ni bomba la chuma lililoinama upande wa bahari tangu siku liliposimikwa. Wavu hakuna. Mpira ukipita katikati ya ringi hausikiki, kwa hiyo kila kikapu kina ubishi wake mfupi. Barabara ya Bagamoyo kwenda Msata haiko mbali, na lori la miwa likipita mchezo hupoa kidogo, maana hakuna anayesikia akiitwa.

Nilikuwa nakwenda pale Jumamosi jioni na daftari. Nilitaka kuhesabu jambo moja tu: namna gadi, yule mfupi anayepandisha mpira, anavyoingia kulitafuta goli. Pointi kila mtu anazihesabu, hata watoto waliokalia matairi. Mimi nilitaka kuhesabu kule kuingia kwenyewe.

Tabu ilianza kabla sijaandika tarakimu ya kwanza. Kuingia ni nini? Gadi akipiga hatua mbili mbele kisha akarudi, ameingia? Akipita kwa sababu mbele yake hakuna mtu, naye ameingia? NBA walikutana na swali hilohilo. Kuanzia msimu wa 2013-14 kamera zilifungwa katika viwanja vyao vyote, zikawa zinanakili mahali alipo kila mchezaji mara 25 kwa sekunde. Lakini kamera inajua mahali tu, haijui kuingia. Ikabidi watu waifundishe. Wakasema: mchezaji aanze na mpira futi 20 au zaidi kutoka kwenye ringi, audunde mpaka ndani ya futi 10, na isiwe mbio za kushtukiza. Yaani aanzie kama mita sita, afike mita tatu. Kwa nini 10 na isiwe 12? Hakuna wahyi ulioshuka. Watu walikaa wakaamua.

Nami nikaamua. Nilimwomba majivu mama ntilie aliyekuwa anazima jiko lake, nikachora nusu duara, hatua tatu ndefu kutoka chini ya ringi. Anayevuka na mpira ameingia. Asiyevuka hajaingia, hata kama moyo wake umeshafika.

Hesabu inayowafanya watu wahangaike na kuingia ni nyepesi, unaweza kuifanya kwa kijiti mchangani. Anayefunga mitupo 6 kati ya 10 akiwa chini ya ringi anavuna pointi 12. Anayefunga 4 kati ya 10 kutoka umbali wa kati anavuna 8. Yule wa pointi tatu, akifunga 35 katika mia, kila mitupo 10 inampa kumi na nusu. Basi penye faida ni karibu kabisa au mbali kabisa. Hapo katikati unatupa mali. Na gadi anayefika karibu, asipofunga, huenda akachezewa faulo. James Harden msimu wa 2018-19 alifunga wastani wa pointi 36.1 kwa mchezo, huku akipewa mitupo huru 11 kila mchezo. Allen Iverson, mtu wa mita 1.83 tu, alitangazwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2001 akiwa anakosa zaidi ya nusu ya mitupo yake. Hesabu hiyo siigombi. Niliyegombana naye ni daftari langu.

Palikuwa na gadi mmoja mwembamba, viatu vyake amevifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Jumamosi ya kwanza nilimwandikia kuingia mara 14, kufunga mara 3. Mwenzake wa timu hiyohiyo, aliyemzidi kichwa kizima, aliingia mara 7 akafunga 4. Kwa daftari, yule mwembamba alikuwa mharibifu. Ila macho yangu yalikuwa yanabisha. Kila alipovuka majivu watu watatu walimkimbilia kama kuku waliomwagiwa mtama, naye akautoa mpira pembeni kwa mkono mmoja, bila kutazama. Yule mrefu aliupokea akiwa peke yake, akadunda mara mbili, akafika. Njia ilikuwa imeshafagiliwa. Mimi niliandika jina la aliyepita, nikamsahau aliyefagia.

Nikamkumbuka Hasheem Thabeet. Mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Aliyefuata, wa tatu, alikuwa Harden huyohuyo; wa saba alikuwa Stephen Curry. Magadi. Sisi huku tarakimu tuliyoikariri ilikuwa moja tu, sentimita 221, na kijana yeyote aliyeota urefu kidogo alishauriwa kwenda kwenye kikapu. Msimu wake wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Connecticut alizuia wastani wa mitupo 4.2 kwa mchezo. Ni mingi mno. Lakini 4.2 ni hesabu ya waliothubutu. Gadi aliyefika, akainua macho, akamwona, akageuka na mpira wake, huyo hayumo kwenye hesabu yoyote. Na kwa mlinzi wa aina ile, aliyegeuka ndiye kazi yenyewe. Akizidi kuogopwa, wa kuwazuia wanapungua. Sifa inapanda, tarakimu inashuka. (Sisemi alidhulumiwa. NBA hakung'ara, wastani wake ulikuwa pointi 2.2, na hilo hata bila takwimu tuliliona.)

Jambo hili wakulima wanalijua kuliko makocha. Mtu anayelala kwenye kibanda shambani, akipiga debe usiku kufukuza nguruwe, mwisho wa msimu anahesabiwa magunia. Nguruwe waliogeuka hawana gunia. Mwaka ambao kazi yake imefanikiwa kabisa ndio mwaka ambao jirani atamwuliza, kwani ulikuwa unalala kule kufanya nini?

Wazee walilitumia neno takwimu kwa maana ya kalenda, kitabu cha kupanga siku. Hesabu nayo, kwa watu wa pwani, ina uzito mwingine: kuna Siku ya Hesabu, na huko tunaambiwa matendo yanapimwa kwa nia. Nimeliwaza sana hilo nikiwa nimekaa juu ya jiwe langu. Nia ya gadi ilikuwa kufunga au kuwavuta wale watatu? Sina njia ya kuiandika. Nikiandika ameshindwa mara 11, nimeshatoa hukumu juu ya nia nisiyoijua, na nimeitoa kwa umbo la tarakimu, ambalo halionekani kama hukumu. Ndiyo maana tarakimu inaniogopesha kuliko tusi. Tusi unaweza kulijibu.

Msomaji atasema basi, tupa daftari, tumia macho. Sikubali. Macho yana takwimu zao, na ni mbovu zaidi, kwa kuwa yanahesabu kinachong'aa. Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya iliifunga Angola 74 kwa 73 kwa mtupo wa Tylor Ongwae wa sekunde ya mwisho, ikaenda AfroBasket kwa mara ya kwanza baada ya miaka 28. Mtupo ule, mwili ukirudi nyuma, kila mpenzi wa kikapu wa Nairobi anaweza kukuigizia sebuleni. Ukimwuliza pointi nyingine 70 na ushei zilipatikanaje, anakuangalia. Nami bila daftari ningeondoka Makurunge nikikumbuka vikapu vitatu vya mwembamba na kusema kijana hatari sana yule, bila kujua kwamba aliuvuka mstari mara 14, mara 11 akitoka mikono mitupu na kurudi tena. Kurudi kule mara ya kumi na mbili, baada ya kupigwa kiwiko, ndiko kulikonivutia, na daftari ndilo lililonionyesha.

Kosa nililolifanya lilikuwa lingine. Jumamosi ya pili, wakati wa mapumziko, alikuja pale nilipokaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Eti mimi umeniandika ngapi?"

Nikampa daftari. Aliusoma ukurasa kwa kidole, polepole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani. Akafika kwenye safu yake, akafika kwenye ya mrefu. Akanirudishia bila neno.

Kipindi cha pili hakuvuka majivu hata mara moja. Alifika kwenye mstari, akasimama, akatupa kutoka palepale, umbali ule wa kati ambao hesabu yenyewe inaukataa. Wale watatu, kwa kuwa hawakuwa na wa kumkimbilia, walimzunguka mrefu. Mrefu naye akageuka mharibifu, kwa tarakimu. Walifungwa, wakagombana, mmoja akaondoka na mpira kwa kuwa ulikuwa wake. Nami nilikuwa nimekwenda kupima mchezo, kumbe nimeingia uwanjani na kucheza. Mstari wa majivu uliwekwa kwa ajili yangu, nijue niandike nini, ukageuka ukuta kwa mtoto wa watu.

Wiki ile mvua ilinyesha. Jumamosi nilikuta uwanja ni tope lililoanza kukauka, na mstari umefutika wote. Nilifurahi, nikasema leo nitatazama tu. Kabla sijakaa, mwembamba alikuwa ananijia na kopo la maziwa mkononi, limejaa majivu.

"Mzee, chora basi," akasema. "Ila leo uandike na wanaonifuata."

Safu hiyo sikuwa nayo. Nilipiga mstari mwingine pembeni mwa ukurasa kwa kalamu, bila rula, kisha nikaenda kuchora ule wa chini. Jioni ile aliingia mara 12 akafunga mara 2. Safu ya wanaomfuata ilijaa hadi mwisho wa ukurasa, nikamalizia nyuma ya jalada.