Fimbo Katika Maji

Mtoto achungaye mbuzi akitumbukiza fimbo yake katika maji matulivu ya lambo, huiona imevunjika pale penye uso wa maji. Akiitoa, huikuta nzima, imenyoka kama ilivyokuwa. Akiitumbukiza tena, huiona imevunjika tena. Jambo hili lajulikana na kila aliyekulia Karagwe, au Kyerwa iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012 ikawa wilaya peke yake. Nchi hiyo ina maziwa, mabwawa na chemchemi, na Mto Kagera wapita mpakani ukitutenga na jirani zetu wa Rwanda na Uganda. Watoto huicheka fimbo hiyo na kuendelea na mchezo wao. Lakini yatupasa sisi wazazi na walezi tuifikiri, kwa kuwa mna ndani yake mafundisho mawili: moja la kuokoa mwili, na la pili la kuokoa roho.

Kwanza tuijue sababu. Nuru husafiri hewani kwa mwendo wa kilometa karibu 300,000 kwa sekunde moja. Ndani ya maji mwendo huo hupungua, ukawa kama kilometa 225,000. Nuru itokapo majini kwa mshazari na kuingia hewani, hupinda njia yake. Lakini jicho halina habari ya kupinda huko. Hupokea nuru kana kwamba imekuja moja kwa moja, na hivyo hukiona kitu mahali ambapo hakipo. Kila kilicho chini ya maji huonekana kimeinuka juu kidogo. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alilichunguza jambo hili katika karne ya 11. Na mwaka 1621 Mholanzi Willebrord Snellius aliipata kanuni ya kupimia kupinda huko.

Sasa sikieni, enyi wazazi, jinsi kanuni hiyo iingiavyo katika nyumba zenu. Maji maangavu yenye kina cha meta 2, ukiyatazama ukiwa juu yake kabisa, yataonekana kama yana meta moja na nusu tu. Robo ya kina imefichika. Na mtu asimamaye ukingoni akatazama kwa mshazari, huona kina kidogo zaidi kuliko hicho. Basi mtoto aliyetumwa maji, akiona mawe ya chini yang'aa karibu, husema moyoni kwamba maji yatamfika kiunoni. Kumbe yatamfika shingoni, au yatamfunika. Na pale penye matope, kama katika malambo mengi ya kunyweshea ng'ombe, hata hiyo chini haionekani kabisa.

Kwa hiyo twawasihi: msiwaache watoto wadogo waende peke yao kwenye lambo, ziwa wala mto, hasa siku za likizo na za mvua nyingi. Kina kipimwe kwa mti mrefu, kisipimwe kwa macho. Malambo yazungushiwe ua, na pawe na njia moja ya kuingilia. Mtoto akizama, asiyejua kuogelea asijitupe majini kumfuata, maana mara nyingi hapo hufiwa watu wawili. Amnyoshee mti au amtupie kamba, huku akiita watu. Katika Mto Kagera pana mamba na viboko pia, nao hawahitaji kusaidiwa na uzembe wetu. Kumlinda mtoto ni sehemu ya amri ya tano, sawasawa na kutoua.

Tuje kwenye fundisho la pili. Yapata mwaka 386 Mtakatifu Augustino aliwajibu wale waliodai kwamba mtu hawezi kujua kweli yoyote, kwa kuwa macho humdanganya, wakatoa mfano wa kasia lionekanalo limepinda majini. Augustino aliwaambia kwamba jicho halina kosa: limetoa ushahidi wa kile lilichopokea, na kama lingelionyesha kasia limenyoka, hapo ndipo lingestahili kulaumiwa. Kosa ni la yule akatiaye hukumu upesi, asemaye kwamba kasia limevunjika kwa sababu tu laonekana hivyo.

Nasi twakata hukumu za namna hiyo kila siku. Mkoa wa Kagera una ushuhuda wake mchungu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania waligunduliwa mkoani humo. Wengine waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichopendwa wakati ule na kuuzwa na wachuuzi wa mpakani. Wengine walinena kwamba ni uchawi wa wafanya biashara waliodhulumiwa. Wengine waliwatazama wagonjwa toka mbali, wakasema kila mmoja amevuna uzinzi wake, nao humo walikuwamo wake waaminifu na watoto wachanga. Walioingia nyumbani, wakakaa kando ya kitanda na kumwosha mgonjwa, ndio walioona kina cha mateso hayo. Na leo je? Mjane akifiwa, ukoo huanza kunong'ona kwamba amemtilia mumewe sumu. Binti akirudi kutoka mjini amekonda, kijiji kimekwisha mhukumu kabla hajatua mzigo wake. Fimbo yaonekana imevunjika, nasi twaitupa motoni bila kuitoa majini kwanza.

Maji hutuficha pia kina cha maovu yetu wenyewe. Asimamaye ukingoni mwa dhambi huona chini karibu, husema ni mara moja tu. Mkulima aliyebanwa na shida huuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa desturi ile iitwayo butura. Fedha huziona karibu, na hasara huiona fupi. Siku ya mavuno hutambua kwamba jasho la mwaka mzima limekwenda kwa mtu mwingine, na ada ya shule haipo. Tena tusimhukumu huyo peke yake: amwonaye jirani yake katika shida hiyo na kununua kahawa kwa bei ya dhuluma amezama zaidi.

Tufanyeje basi? Tumwangalie mdiria, yule ndege mwenye rangi nyeusi na nyeupe avuaye samaki maziwani. Harukii samaki kutoka kando. Husimama hewani juu ya maji akipigapiga mabawa, akatazama chini moja kwa moja, kisha hushuka. Nuru itokayo majini wima haipindi. Nasi tukitaka kumjua ndugu yetu, tumwendee, tuketi naye, tumwulize yeye mwenyewe. Tusimtazame kwa mshazari kupitia maneno ya wapita njia.

Lakini tukumbuke kwamba hata atazamaye wima, robo ya kina yamfichika. Mume na mke walioishi pamoja miaka 40 hawajuani hadi chini. Nabii Samweli alipofika nyumbani kwa Yese, alidhani mwana wa kwanza, mrefu na mzuri wa umbo, ndiye mteule. Mungu akamkataza, akamchagua mdogo aliyekuwa machungani. Mwenyezi Mungu peke yake hasimami ukingoni, maana ndiye aliyeyafanya maji na nuru na moyo wa mtu. Sisi tulio ukingoni twapaswa kuiachia nafasi ile robo tusiyoiona, na nafasi hiyo ndiyo huruma.

Tena tusisahau kwamba samaki naye atutazama. Kwa kanuni ile ile, aliye majini humwona wa nchi kavu ameinuka kuliko alivyo. Mwenye shida humwona tajiri, kiongozi, hata padre, kuwa yu juu mno, naye huogopa kumwita. Basi aliye nchi kavu na ainame kwanza.

Juma hili, kila familia na ifanye mambo mawili. Wazazi waende wenyewe mahali watoto wao wachotapo maji, wapime kina kwa mti. Na kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja aliyemhukumu kwa mbali, aende kwake, amsikilize.