Wembe Ni Ule Ule

Asubuhi nyingi nikiwa kwenye matatu kutoka Umoja kwenda tao, sauti ya mzee mmoja Mwingereza huwa masikioni mwangu. Anaitwa Alastair Campbell. Tangu Machi 2022, yeye na Rory Stewart, aliyewahi kuwa waziri kupitia chama cha Conservative, wanaendesha podikasti ya The Rest Is Politics. Walitoka vyama vinavyopingana, lakini wanabishana bila kutukanana. Kwa sisi tuliolelewa na mijadala ya runinga ambapo mwenye sauti kubwa ndiye mshindi, hiyo peke yake ni starehe.

Na jamaa anajua kuchambua. Mwanasiasa akikwepa swali, Campbell anakuonyesha kona aliyopitia. Ajabu ni nini? Kona nyingine alizichora mwenyewe.

Alikuwa mwandishi wa habari wa Daily Mirror, kisha mwaka 1994 akaenda kumfanyia kazi Tony Blair. Labour ilishinda uchaguzi wa 1997, naye akawa msemaji na mpanga mikakati wa waziri mkuu hadi alipojiuzulu mwaka 2003. Katikati hapo kuna Iraq. Septemba 2002, serikali ya Uingereza ilitoa waraka uliosema Iraq ingeweza kuwa na silaha zake za maangamizi tayari kwa matumizi ndani ya dakika 45. Campbell alihusika katika jinsi waraka huo ulivyoandaliwa kwa umma. Machi 2003 vita vikaanza. Silaha hazikupatikana.

Tuwe waungwana. Uchunguzi wa Hutton, mwaka 2004, haukumtia hatiani kwa kuupotosha waraka ule makusudi. Ule wa Chilcot, 2016, haukupata ushahidi kwamba ofisi ya waziri mkuu iliuingilia isivyofaa. Lakini Chilcot alisema jambo ambalo limenikaa kooni: tishio la silaha zile lilielezwa kwa uhakika usiostahili.

Uhakika usiostahili. Huo si uongo kamili. Ni kuchukua sentensi yenye “labda” na kuitoa hiyo “labda”. Mimi naijua kazi hiyo, kwa sababu nimeifanya.

Mwaka 2022 mgombea mmoja wa kiti cha MCA alinilipa shilingi 15,000 nimwandikie mambo ya Facebook. Fundi wa mradi wa maji alituambia, “Pesa zikipatikana, maji yatafika kabla ya Krismasi.” Niliandika, “Maji yatafika kabla ya Krismasi.” Nilifuta maneno mawili tu. Mama mboga wa ploti yetu alisoma, akachukua mkopo wa chama, akanunua tangi la lita 1,000. Tangi lile bado liko pale, limejaa vumbi.

Siku hizi mimi ni mchambuzi. Naalikwa kwenye vipindi vya vijana kueleza jinsi wanasiasa wanavyotuchezea mitandaoni, na watu husema, “Huyu anajua!” Mara ya kwanza mtangazaji aliniuliza anitambulishe vipi. Nikasema, “Sema tu mwandishi.”

Wahenga walisema mwizi hushikwa na mwizi mwenziwe, na ni kweli tunawahitaji waliokuwa jikoni watuambie chakula kilipikwaje. Simtaki Campbell anyamaze. Kwa haki yake, hajaficha alikotoka. Iraq ameizungumzia hadharani mara nyingi, na anashikilia kwamba hakudanganya. Kinachonisumbua ni sisi wasikilizaji, na mimi nikiwemo. Tunasikia mtu akifichua mbinu, tunadhani ametubu. Lakini anayetubu hulipa, na anayefichua mbinu hulipwa. Halafu kile tunachokipenda kwake, ile sauti isiyosita, ndicho kile kile kilichouzwa zamani. Mkono umebadilika, wembe ni ule ule.

Basi mchambuzi anadaiwa nini? Nilikuwa nadhani inatosha kutaja kiti ulichokalia jana. Kutaja ni lazima, hilo sina shaka nalo. Mtu akijua ulilipwa na nani, atakupima vizuri zaidi. Lakini unaweza kutaja yote hayo na bado ukaendelea kufuta “labda”, maana mwenye kusitasita haalikwi tena.

Wiki jana nilimwendea mama mboga nikamwambia ni mimi niliyeandika yale maneno, na nikamwonyesha niliyoyafuta. Alinyamaza akikata sukuma wiki. Sikutegemea anisamehe, na hakusema kama amenisamehe.

“Na hayo unayosema redioni sasa,” akauliza, “umefuta gani?”

Nilinunua sukuma ya ishirini nikapanda ngazi. Alhamisi nina kipindi kingine, na bado sijapata jibu lake.