Usiichane Ile Karatasi



Vijana wapendwa, leo tuanze na kazi ya mikono. Chukua karatasi 20 za A4 zilizochapwa upande mmoja, zile ambazo ofisini wanazitupa. Kunja kila moja katikati, maandishi yabaki ndani na upande mweupe utokee nje. Zipange, mikunjo yote ielekee upande wa kufungulia. Upande wa pili toboa matundu mawili, kidogo kidogo maana pancha haipitishi zote kwa mkupuo, kisha pitisha kamba ya viatu ufunge. Jalada kata kwenye faili kuukuu. Mwishoni gundisha bahasha ya kaki. Umepata daftari la kurasa 40: Kwaresima nzima, ukiziacha Jumapili.

Langu nililitengeneza likizo, nyumbani Kaole, kwa mabaki niliyoomba ofisi ya parokia. Mama katibu akanicheka: "Frateri, kwani madaftari dukani yameisha?"

Hayajaisha, mama. Ninalo zuri la dukani. Shida ni kwamba kila nikiandika kitu kinachouma, karatasi hiyo naichana. Likabaki daftari la mtakatifu fulani, siyo langu.

Kilichokuwa kinauma ni hiki. Mwaka jana nilikwaruzana na baba. Alitaka kujua digrii ya falsafa itaisaidia nini familia. Jioni moja akapiga simu. Nikaiangalia inaita mpaka ikakata. Nikajisemea, nitampigia kesho. Asubuhi aliyepiga ni mdogo wangu: baba hatunaye tena.

Darasani tulimsoma Socrates, habari za kuyachunguza maisha. Mtihani nilifaulu vizuri tu. Ila simu ile sikuthubutu kuichunguza.

Hapa kwetu kuna magofu ya kale, misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe. Kwenye nguzo za makaburi waashi walipachika vibakuli vya kauri kutoka China. Tangu utotoni nimepita pale bila kuwaza lolote. Likizo ile nikasimama. Bakuli, chombo cha kulia, liliwekwa kaburini ili marehemu akumbukwe. Ndugu hawa hawakuwa Wakristo, lakini walinifundisha kitu.

Nikarudi nyumbani, nikabandika kwenye daftari tiketi ya basi niliyopanda kuja mazishini. Chini yake nikaandika saa ambayo baba alipiga, na neno moja: Sikupokea. Sikuwa na lingine.

Fungua Yohane sura ya 6. Watu elfu tano wameshiba, na Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki. Vikajaa vikapu 12. Hebu fikiri: aliyeizidisha mikate mitano ana shida gani na makombo? Hana. Hataki tu kipotee kitu. Sisi tumezoea kumpelekea Mungu mkate mzima, ule unaopendeza. Makombo tunayaficha, au tunayachana.

Tuelewane: daftari siyo sakramenti. Ukurasa ule ulinisukuma hadi kwenye kiti cha maungamo, na huko ndiko niliposamehewa, siyo kwenye gundi. Wala sisemi kwamba hauumi tena. Nikiufungua bado unauma. Ila zamani nilikuwa namkwepa baba hata kwenye sala. Siku hizi kwenye Misa namtaja kwa jina lake.

Basi leo usiku andika mistari mitatu tu: unashukuru nini, umeanguka wapi, na nani unamdai au anakudai neno. Kisichoandikika kitie kwenye bahasha. Usichane kitu.

Na kama huyo wa mstari wa tatu bado yu hai, funga daftari umpigie. Usingoje kesho.

Bwana, pokea na vipande vyetu, kisipotee hata kimoja. Wape marehemu wetu pumziko la milele. Amina.