Sista Irene wa Gikondi na Watoto wa Vilimani

Wapenzi wakatekumeni, ninyi mnaoshuka kila juma kutoka vilima vya Pinga kuja mafundishoni, liko swali moja mnalouliza mara nyingi. Mmisionari hufanya nini siku nzima? Misa husomwa asubuhi, nayo huisha kabla jua halijapanda. Baada ya hapo, je, hukaa nyumbani mwake akisoma vitabu? Wengine hudhani kazi yake ni kubatiza watu wengi kwa siku moja, kisha kupanda motokari na kwenda zake. Swali hilo ni jema, lakini majibu ya katekismu hayatoshi kulijibu. Afadhali kumtazama mtu mmoja: jinsi alivyoamka, alivyotembea, alivyowafundisha watoto, alivyochoka, na jinsi alivyokufa.

Mtu huyo ni Sista Irene Stefani. Hakuishi Kongo. Anayetoka Pinga akaenda Goma, kisha akavuka nchi ya Uganda yote kuelekea mawio ya jua, hufika Kenya. Huko, katika nchi ya Wagikuyu, kipo kijiji kiitwacho Gikondi, chenye vilima na mabonde ambayo mtu wa Masisi angeyatambua mara moja. Sista Irene alizaliwa mbali na hapo, katika kijiji cha Anfo huko Italia, tarehe 22 Agosti 1891, na nyumbani walimwita Mercede. Mwaka 1911 aliingia shirika jipya la Masista Wamisionari wa Konsolata katika mji wa Turin. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1910 na Padri Giuseppe Allamano, yule ambaye Papa Fransisko alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Sista aliweka nadhiri mwezi wa Januari 1914, na mwisho wa mwaka huo akapanda meli. Januari 1915 akashuka Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Alikuja kwa ajili ya watoto na shule, akakuta vita. Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigana, na kila upande uliwachukua watu weusi kwa maelfu kubeba chakula na risasi. Wazee wa Kivu walisikia kwa baba zao habari za vita hivyo, maana majeshi ya Wabelgiji nayo yaliwachukua wapagazi huku na kwenda nao hadi Tabora, mji uliotekwa mwezi wa Septemba 1916. Katika Afrika ya Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi, bali kwa njaa, kuhara, homa na uchovu. Waliowapeleka hawakuandika hata majina ya wengi wao, na jambo hilo ni aibu isiyofaa kufichwa. Sista Irene aliwekwa kuwauguza katika hospitali za jeshi: Voi, Kilwa, Lindi, Dar es Salaam. Aliosha vidonda, akawalisha kwa mkono wake waliokuwa hawawezi kuinua kijiko, akawaambia habari za Yezu wale waliotaka kusikia. Kazi hiyo aliifanya miaka kadhaa, hata vita vikaisha.

Mwaka 1920 akatumwa Gikondi. Alikaa huko miaka kumi, na miaka hiyo ndiyo jibu la swali lenu.

Shule ya misioni ilikuwa kazi yake. Lakini fikirini shule ya siku zile. Wazazi hawakuiona kuwa na faida. Mtoto wa kiume ndiye mchungaji wa mbuzi. Akienda shule, mbuzi watachungwa na nani? Mtoto wa kike ndiye anayeteka maji na kuleta kuni, akizibeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, kama mama zenu wanavyobeba mihogo kutoka shambani hata leo. Mama akimpoteza msaidizi huyo tangu asubuhi hadi mchana, mzigo wote humrudia yeye. Wazazi wale hawakuwa wabaya. Walikuwa na hesabu zao, na hesabu hizo ni zile zile zinazofanywa katika nyumba nyingi za Pinga wakati wa kupanda maharage.

Basi Sista Irene hakungoja watoto mlangoni. Masomo yalipokwisha, alivaa viatu vyake vizito, akashika rozari, akashika njia ya vilimani. Alipanda na kushuka, kijiji hadi kijiji, nyumba hadi nyumba. Aliwasalimu wazee kwa lugha yao, kwa maana alikuwa amejifunza Kigikuyu kwa bidii tangu siku za kwanza. Huyu ni mgonjwa, alimtazama. Huyu ana kidonda, alikifunga. Huyu ana mtoto asiyeonekana shuleni, aliuliza sababu. Kesho akarudi tena. Mtu akikataa mara ya kwanza, hakumkasirikia, alirudi mara ya pili na ya tatu, hata watu wakazoea mwendo wake wa haraka, karibu ni kukimbia. Viatu vile vimehifadhiwa na kukumbukwa mpaka leo, na si ajabu. Watu wengine hukumbukwa kwa hotuba zao. Yeye alikumbukwa kwa miguu yake.

Mnaweza kusema: hilo ni jambo dogo, hata kuku hutembea. Lakini jaribuni ninyi kupanda kilima siku ya mvua, matope yakifika kwenye vifundo vya miguu, kwenda kumwuliza mzazi mkali habari za mtoto asiye wenu, na jana alikufukuza. Wengi wetu katika wanadamu tungesema: nimekwisha timiza wajibu, kengele ya shule nimepiga, asiyekuja ni shauri lake. Bwana Yezu alitoa mfano wa mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa kwenda kumtafuta mmoja. Kila mkatekumeni anaujua mfano huo kwa moyo. Mara nyingi husahauliwa kwamba mchungaji yule alichoka, akachomwa na miiba, na hakujua kama kondoo yu hai.

Liko jambo jingine la kila siku ambalo lilimpa Sista kazi nyingi, nalo ni barua. Vijana wa Gikondi walikwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, na mama zao hawakujua kusoma wala kuandika. Leo mama hutafuta mahali penye mtandao akapiga simu. Siku zile hapakuwa na njia ila karatasi. Akina mama walikuja kwa Sista, wakaketi, wakasema maneno yao, naye akayaandika: mbuzi amezaa, baba anaumwa, mbona huleti habari? Majibu yalipofika, aliwasomea. Naye mwenyewe aliwaandikia wanafunzi wake wa zamani, akiwakumbusha sala na Misa katika miji ile yenye vishawishi vingi. Kumbe mmisionari aliyetoka ng'ambo ya bahari, aliyemwacha baba yake na ndugu zake, ndiye aliyewaunganisha mama na watoto wao. Pengine alijua vizuri kuliko wengine jinsi barua inavyongojwa.

Wala asidhani mtu kwamba aliyafanya hayo yote peke yake. Walikuwako makatekista, watu wa nchi ile, waliojua ni nyumba gani ina ugomvi na ni mzee gani wa kusalimiwa kwanza. Bila wao, mmisionari gani angefika mbali? Hilo husahauliwa katika vitabu, lakini ninyi msilisahau.

Watu wa Gikondi walimpa jina. Walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Jina la kupewa na watu ni gumu kulipata. Halinunuliwi kwa sukari wala kwa nguo, kwa maana watoto hula sukari na kesho wakamcheka aliyeitoa.

Sasa sikieni habari ya mwisho wake. Wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba pale shuleni alikuwako mwalimu mmoja ambaye hakumpenda. Mwalimu huyo alitaka kushika mahali pa Sista katika kuiongoza shule, akafanya mipango ya kumwondoa. Jambo la namna hiyo si geni. Hutokea shuleni, hutokea katika baraza la kijiji, hutokea hata katika kwaya. Mwezi wa Septemba 1930 Sista Irene alikuwa Nyeri kwa mafungo, akaomba ruhusa ya kumtolea Mungu maisha yake kwa ajili ya misioni. Akarudi Gikondi kwenye kazi zake za siku zote. Mwezi uliofuata ukaingia ugonjwa wa tauni, ule unaoletwa na viroboto vya panya. Na yule mwalimu akaugua.

Tauni ilikuwa ikiogopwa na kila mtu. Siku zile haikuwa na dawa ya kuiponya kama zilizopo leo. Sista alikwenda nyumbani kwa mwalimu, akaketi kando ya kitanda chake, akamhudumia, akasali pamoja naye mpaka alipokata roho. Ugonjwa ukamshika yeye. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930, hata miaka 40 hakufikisha.

Hapo ndipo kila mkatekumeni wa Pinga asimame kidogo na kufikiri. Vita vimepita katika nchi yenu mara nyingi. Katika miaka ya 2012 na 2013 makundi yenye silaha yaligombania Pinga yenyewe, watu wakakimbilia msituni na vijiji vya mbali, wakarudi, wakakimbia tena. Leo katika benchi moja la mafundisho huketi mtu ambaye nyumba yake iliteketezwa, na karibu naye mtu ambaye ndugu zake wanadhaniwa kuwa walikuwa upande wa waliochoma. Mmoja huyo anajua majibu yote. Aulizwe Sakramenti ni ngapi, hujibu saba. Aulizwe Utatu Mtakatifu, hujibu bila kukosa. Lakini mwenzake akisalimu, yeye hutazama pembeni. Watoto wao huona, nao huanza kuketi mbalimbali shuleni, Wahunde huku, Wanyanga kule, Wahutu pale, hata mpira hawauchezi pamoja.

Je, mtu kama huyo yu tayari kwa ubatizo? Aijibu mwenyewe mbele ya Mungu. Kusamehe si kusema kwamba ubaya haukuwa ubaya, wala si kukataza jambo lisipelekwe mbele ya wazee au mahakamani. Sista Irene hakusema kwamba mipango ya mwalimu yule ilikuwa mizuri. Alipojua tu kwamba anaumwa, alikwenda. Hakuanza siku ile kujifunza kwenda. Miguu yake ilikuwa imezoea miaka kumi kupiga hodi kwenye milango ya watu wasiomtaka, kwa sababu ya watoto wao. Mtu asiyemtembelea jirani aliyekosa mafundisho juma moja, atampata wapi nguvu ya kumtembelea adui mwenye tauni?

Tarehe 23 Mei 2015, mjini Nyeri, Kardinali Polycarp Pengo, Askofu Mkuu wa Dar es Salaam wakati ule, aliongoza Misa ambayo ndani yake Sista Irene alitangazwa kuwa Mwenye Heri. Lakini kabla Kanisa halijamtangaza mtu hivyo hutaka ishara, na ishara iliyokubaliwa mwaka 2014 ilitoka mahali ambapo yeye hakufika kamwe, katika nchi ya Msumbiji.

Huko kipo kijiji kiitwacho Nipepe. Mwezi wa Januari 1989 Msumbiji ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na makatekista walikuwa wamekusanyika Nipepe pamoja na jamaa zao kwa mafundisho. Wapiganaji wakakivamia kijiji. Watu zaidi ya 200, na watoto wao, wakakimbilia kanisani wakafungiwa humo siku kadhaa, katika joto kali la mwezi huo. Hapakuwa na maji ila machache yaliyobaki katika kisima cha ubatizo, nacho kilikuwa gogo la mti lililochongwa ndani. Wakamwomba Sista Irene awaombee kwa Mungu. Wakanywa maji yale, wakawapa watoto, kesho yake wakanywa tena, wala hayakuisha mpaka walipotoka. Kati ya siku hizo mama mmoja alishikwa na uchungu, akajifungua mtoto wa kike mle mle kanisani. Wakamwosha kwa maji ya kisima cha ubatizo, wakampa jina la Irene.